Mitutu Mitatu Ndani ya Mkeka

Butembo, Rughenda, tarehe 10 Novemba 2002

Mwanangu Sadrack,

Naomba uniwie radhi kwa kimya changu cha muda mrefu. Tangu ulipofungua karakana ya bunduki huko Beni sijakuandikia hata mstari mmoja, na sababu yake unaijua. Sitairudia hapa, kwa kuwa barua hii ni ya shukrani, na shukrani haichanganywi na karipio.

Sisi hapa tu wazima. Mama yako mkubwa Eliane ana kikohozi cha baridi ya asubuhi, lakini hakubali kukaa nyumbani. Maharagwe yamezaa vizuri. Viazi vimeharibiwa na mvua. Ndege zinatua hapa Rughenda mara nyingi kuliko zamani, na kila ikishuka moja kuku wetu hukimbilia chini ya kitanda. Paa la kanisa limekamilika upande mmoja. Upande wa pili tunasali chini ya turubai.

Juma lililopita Hamisi, yule msafirishaji wa mafuta ya mawese, alisimamisha gari lake mbele ya nyumba akapiga kelele kabla hajafungua mlango: “Muzee! Jokébed yuko Beni! Yuko mutaa ya Beu kwa Sadrack, na batoto bote! Nimekula naye sombe!” Mama yako alikaa chini palepale alipokuwa, kwenye matope. Mimi nilimwuliza Hamisi mara ya pili kama ana hakika, kisha nikamwuliza tena, naye akacheka: “Muzee, utaniuliza mpaka nisahau?”

Sadrack, tangu vita vilipofika Mambasa, alikoolewa Jokébed, tulikuwa tumeanza kusema habari za binti yetu kama watu wanaosema habari za marehemu. Hakuna aliyekiri hivyo, lakini ndivyo tulivyosema. Sasa amelala chini ya paa lako, anakula chakula chako, na wanawe wamo. Baba yako, ndugu yangu, angekuwa hai, ningemkumbatia yeye kwa ajili yako. Wasingya kutsibu. Nimeliandika kwa Kinande kwa sababu “asante” peke yake haikunitosha.

Jambo moja nataka kulifahamu. Hamisi anasema Jokébed alikuwa amekwama Eringeti, njiani kuja Beni, na magari yameacha kwenda huko kwa kuwa madereva wote wanaogopa. Jokébed alitokaje Eringeti hadi Beu? Nilipomwuliza, Hamisi aliinama akatazama magurudumu yake, akasema, “Uliza Sadrack.” Basi nauliza.

Baba yako mkubwa,
Kasonia


Beni, Beu, tarehe 27 Novemba 2002

Baba Mkubwa mpendwa,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa Mama Mkubwa. Barua yako niliipokea kwa mikono miwili. Mke wangu aliisoma kwa sauti, Jokébed akaomba isomwe tena, halafu akaichukua akaenda kuisoma mwenyewe jikoni. Nilikuwa nimejiandaa kupokea makali, mais nilipata shukrani, na kusema kweli sikujua niketi wapi.

Habari za hapa: Jemima, binti mdogo wa Jokébed, alifika na homa kali, macho yamegeuka. Sasa anakula, na amemzoea mbuzi wetu mpaka anataka kulala naye. Wale wakubwa wanacheza. Habari ya Jéthro mumewe hatuna. Alibaki nyuma kwenye mto kwa sababu ya wagonjwa wa zahanati yake. Alisema hawezi kuwaacha kwenye machela. Kila kundi la wakimbizi likipita hapa Beu, Jokébed anatoka na kuuliza, “Hamkuona muuguzi mmoja, mrefu, anachechemea kidogo?” Wanamjibu kwa upole. Upole wao ndio unaomwumiza.

Kuhusu gari: lilipatikana kwa mtu. Ni mtu wa kazi yangu. Alilitoa, likaenda, likarudi, na Mungu asifiwe.

Sasa nina swali la kazi, na ninakuomba usiitupe barua hii kabla ya kufika mwisho. Nina mteja anayetaka bunduki ya masafa marefu. Si ya duka; ni ya kuunganisha vipande. Mwili wake ni wa bunduki ya zamani ya Wabelgiji: ukivuta kwa kidole inatoka risasi moja, na nyingine inaingia yenyewe mahali pake. Kitako nimekichonga kwa ubao mgumu. Kilichobaki ni mtutu. Ninayo mitatu. Wa kwanza ni mfupi na mwepesi, lakini kwa mbali hautabiriki. Wa pili ni mrefu, mzito, ndani yake ni safi, unapeleka risasi kama uzi uliovutwa. Wa tatu ni mrefu pia, ila uliwahi kuchomwa na moto: risasi za kwanza zinakwenda sawa, ukishapata joto unaanza kuhama.

Donc nauliza: nichague upi? Siulizi kwa sababu sijui kazi. Nauliza kwa sababu ya sheria ya kiwanda cha babu. Mteja nilimweleza sheria hiyo siku ya kwanza. Alicheka akasema, “Sheria ya bahunzi? Hakuna matata. Muzee wako aguse, halafu unipe.”

Nasubiri neno lako.

Mwanao,
Sadrack


Butembo, Rughenda, tarehe 14 Desemba 2002

Mwanangu Sadrack,

Pokea salamu zetu sote. Barua yako ilichelewa kwa sababu barabara ilifungwa, nami nimechelewa kuijibu kwa sababu niliisoma mara nyingi. Mama yako mkubwa amemfumia Jemima sweta ya manjano; nimempa Hamisi ailete. Mwambie Jokébed kwamba kanisa lote linamtaja Jéthro kwa jina katika maombi, wala si sisi wazazi peke yetu.

Nianze tena na shukrani. Mtoto aliyefika na macho yamegeuka sasa anagombana na mbuzi. Habari hiyo tumeirudia mezani kila siku, na kila mara mama yako anacheka mahali palepale.

Sasa nije kwenye swali lako. Umenieleza mitutu mitatu vizuri kuliko ulivyonieleza mwenye bunduki. Mtutu mmoja una urefu, uzito na tabia. Mteja wako hana hata jina.

Sheria ya baba yangu Maliro unaikumbuka, lakini nitaiandika, ili pasiwe na mtu wa kusema aliisikia nusu. Jembe na shoka vilitoka kiwandani siku vilipopoa. Mkuki haukutoka. Mkuki ulitundikwa ukutani mpaka aliyeuagiza aje mwenyewe, asimame mbele ya mkubwa wa ukoo, ataje mnyama anayekwenda kumwinda. Mkubwa akiridhika, aliugusa kwa kiganja, na baada ya hapo ndipo mhunzi alipoutoa. Wengi walitaja kiboko na nguruwe mwitu. Mmoja alitaja jirani yake kwa mzaha, na mkuki wake ulibaki ukutani mpaka ukala kutu. Wamisionari walipokuja, mimi nilichagua chaki badala ya nyundo, lakini sikuwahi kuona kosa lolote katika sheria hiyo. Na kwa kuwa wote walionitangulia wamelala, mkubwa wa ukoo ni mimi.

Kwa hiyo nataka mambo mawili. Kwanza, jina la mteja na la mnyama wake. Pili, uniletee mitutu yote mitatu hapa Butembo. Mwili wa bunduki ubaki kwako. Kiganja changu hakiwezi kugusa chuma kwa njia ya barua.

Kasonia


Beni, Beu, tarehe 2 Januari 2003

Baba Mkubwa mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Sisi tumeuingia tukiwa hai, na mwaka huu hiyo si salamu tu. Sweta ilifika. Jemima hataki ifuliwe. Watu wamejaa Beu mpaka madarasa ya shule yamekuwa nyumba. Kwangu tunalala wengi, na mke wangu anapika katika sufuria ya harusi. Hakuna anayelalamika isipokuwa mbuzi.

Umetaka jina. Ni Kamanda Gérard, wa jeshi linaloshika mji huu. Nilikuficha kwa sababu sikutaka shukrani yako ipate doa.

Ilikuwa hivi. Habari zilinifikia kwamba Jokébed yuko Eringeti, amelala kwenye veranda ya duka na watoto, na Jemima hasimami tena. Nilizunguka kwa madereva wote. Hamisi mwenyewe alitaka kwenda, mkewe akalala mbele ya gari. Nikaenda kwa Kamanda, ambaye nilikuwa nikimtengenezea bunduki za askari wake. Alinisikiliza akila karanga. Akasema, “Fundi, mimi niko na pick-up. Wewe uko na mikono. Unitengenezee bunduki moja ya kufika mbali, na pick-up inatoka sasa hivi.” Nikasema ndiyo kabla hajamaliza karanga iliyokuwa mdomoni. Gari lilikwenda, likarudi na Jokébed, na kila mwanamke mwenye mtoto aliyeweza kuning’inia juu yake.

Kuhusu mnyama: kuna kilima juu ya barabara ya Eringeti. Anataka kulala pale juu. Anasema askari wa upande wa pili wanashuka wakijichanganya na wakimbizi, wamevaa nguo za raia, naye anataka kuwatoa mmoja mmoja kutoka mbali.

Sasa fikiri nami, Baba Mkubwa. Nikimwekea mtutu mfupi, risasi itampata yeyote aliye barabarani. Nikimwekea ule mrefu, itampata yule anayemtaka, na anayemtaka atamjua kwa macho yake peke yake, kwa mbali. Ule wa tatu utaanza kama wa pili na kumaliza kama wa kwanza. Jéthro, kama yu hai, atashuka kwa barabara hiyo hiyo, ndevu zimeota, amevaa koti la mtu mwingine, anachechemea. Nikikataa kabisa, nimelivunja neno lililomwokoa Jemima, na Kamanda si mtu wa kuvunjiwa neno.

Mimi ni fundi. Najua kila mtutu utafanya nini. Nisichojua ni nifanye nini mimi.

Mitutu nimekwisha kukutumia kwa Hamisi, imo ndani ya mkeka uliokunjwa. Alipoulizwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa nini mkeka ni mzito, nasikia alijibu, “Ni wa bibi-harusi munene.” Kamanda amekwisha kujua kwamba iko njiani kuja kwako. Hakufurahi.

Mwanao,
Sadrack


Butembo, Rughenda, tarehe 28 Januari 2003

Mwanangu Sadrack,

Salamu kwako, kwa mkeo, kwa Jokébed na kwa wote wanaolala chini ya paa lako. Mitutu ilifika salama. Imo chumbani kwetu, ndani ya mkeka, na mama yako mkubwa anaifagilia pembeni bila kuitazama.

Kamanda wako naye alifika. Jumamosi alishuka na ndege, akaja kwa miguu kutoka uwanjani pamoja na askari wawili. Alisimama mlangoni akasema, “Muzee, mimi hapana nakuja kwa sala. Nakuja kwa mutututu, samahani, mutuu, kile kitu! Unajua.” Nadhani alikuwa amejiandaa kukutana na mzee mwenye woga, na ulimi wake ukamponyoka alipomwona Eliane anakuja na beseni la maji amnawishe mikono. Nilimwambia aketi. Mama yako alimchinjia kuku. Alipokwisha kula nilisimama, nikavua kofia, nikamshukuru kwa kinywa changu kwa ajili ya binti yangu na wajukuu wangu. Nilisema yote niliyokuwa nayo moyoni, na sikuharakisha. Aliangalia viatu vyake. Nadhani huyu ni mtu anayeogopwa mara nyingi na kushukuriwa mara chache.

Nikamwambia, “Kesho ni Jumapili. Haifai nikushukuru nyumbani peke yake.” Alikuja. Nilimsimamisha mbele ya kanisa lote nikasema, “Ndugu, huyu ndiye aliyetoa gari lake likawachukue watu wa barabara ya Eringeti wakati kila gari lilikuwa limekataa.” Sadrack, hukusikia vigelegele vile. Wengi hapa wana watu wao kwenye barabara hiyo. Kina mama walimletea mayai, miwa, na jogoo mmoja mwekundu, naye akabaki amesimama na jogoo mkononi, hajui amshike vipi pamoja na bunduki. Bikizee mmoja alimpokonya bunduki akamwekea kwenye benchi ili amshike jogoo vizuri.

Tulipotoka nje aliniambia, “Muzee, wewe ni mubaya. Sasa hawa bamama bote wanajua uso yangu.”

Nikamwambia ataje mnyama, kama sheria inavyotaka. Akasema, “Adui.” Nikauliza, “Adui akitembea katikati ya wakimbizi, anavaa nini?” Akasema, “Nitamujua.” Nikauliza, “Kwa umbali gani?” Jogoo ndiye aliyejibu.

Kisha akasema, “Sikia, muzee. Najua mukwe wako iko njiani. Mimi si munyama. Chagua polepole mpaka afike. Akifika, mutoto wako anafunga mutuu, na mambo yanaisha.” Nilimjibu kwamba nimesikia. Kukubali sikukubali.

Tena nilimwambia jambo hili mbele ya askari wake, nawe ulifahamu: mitutu iko kwangu kwa amri yangu. Fundi wa Beni hana kosa. Mwenye hasira aje Rughenda. Mlango wangu haufungwi mchana.

Kasonia


Beni, Beu, tarehe 11 Februari 2003

Baba Mkubwa, Mama Mkubwa,

Amefika! Jéthro amefika! Nimeandika kwanza, salamu zitafuata.

Ilikuwa saa za kuanika muhogo. Jokébed alikuwa uani akasikia mtu anauliza njia kwa majirani kwa sauti iliyokauka. Hakukimbia. Alisimama na kipande cha muhogo mkononi, akasema, “Umechelewa.” Naye akasema, “Barabara ilikuwa na watu.” Ndipo walipolia wote wawili, na ua mzima ukalia pamoja nao, hata wale ambao wao hawajafikiwa na mtu.

Amekonda, miguu imevimba, lakini yu mzima. Alifika amembeba mgongoni bikizee asiyekuwa ndugu yake. Wana wa bikizee huyo wamebaki nyuma, na sasa analala karibu na mlango ili awasikie wakija. Jéthro anasema barabara bado imejaa. Anasema ukisimama juu ya mlima ukatazama chini, huoni mwanzo wa watu wala mwisho wao, na kwamba kila mwanamume hapo, kwa mbali, anafanana na askari aliyechoka.

Asante, Baba Mkubwa. Ulituchelewesha, na katika kuchelewesha kule yeye amepita chini ya kilima kile, na kilimani hapakuwa na bunduki.

Mais jana Kamanda alikuja karakana. Yule jogoo wenu amekuwa mfalme wa kambi; Kamanda anasema anawaamsha askari vizuri kuliko tarumbeta. Halafu uso ukabadilika. “Fundi, mukwe amefika. Nimemuona, nimemupa mukono. Sasa mutuu iko wapi? Muzee wako anachagua sawa mutu anachagua bibi!” Nikamwambia, “Commandant, hata mke wake, mzee alimchagua polepole.” Askari walicheka, yeye hakucheka. Akasema, “Muandikie. Umwambie hakuna kitu anangojea tena.”

Nami ninakuandikia kama alivyosema. Baba Mkubwa, wetu wote wamefika. Nichague upi?

Mwanao,
Sadrack


Butembo, Rughenda, tarehe 23 Februari 2003

Mwanangu Sadrack,

Tulipoisoma barua yako mama yako mkubwa alitoka nje akawaambia majirani, kisha akaenda sokoni akawaambia watu wa soko, kisha akarudi akaniambia mimi, kana kwamba sikuwa mimi niliyemsomea. Leo kanisani tumeimba mpaka turubai limeachia upande mmoja. Mshukuru Jéthro kwa kutowaacha wagonjwa wake, na mwambie kwamba nilipompa binti yangu sikukosea. Msalimu yule bikizee. Mwulize majina ya wanawe, uyaandike sawasawa, uniletee. Tutawataja hapa kila Jumapili mpaka wafike.

Nawe, Sadrack. Miaka hii nilikuwa nikisema kwamba mikono yako imepotea. Gari lililomleta Jemima lilipatikana kwa mikono hiyo. Na ulipoweza kufunga mtutu wowote na kumaliza neno lako, uliuliza kwanza. Ninakushukuru kwa yote mawili, na la pili limenipa usingizi zaidi.

Mjumbe wa Kamanda amefika hapa pia na swali hilohilo. Kwa hiyo jana asubuhi, jua likiwa limepanda, niliitoa mitutu nje, nikaifuta, nikaichungulia mmoja mmoja kuelekea njia ya uwanja wa ndege. Nilianza na ule mrefu. Ndani yake ni kama ulivyosema, safi. Upande wa pili nilimwona mwanamke mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anatoka kuchota maji. Nikachukua mfupi: nikamwona yuleyule. Nikachukua ule uliochomwa, nikangoja apite. Alipopita, alikuja mwanamume mwenye koti, anachechemea, si Jéthro, ni fundi viatu wa hapa mtaani. Alinipungia mkono.

Nimekagua chuma kwa uaminifu. Kati ya mitatu sijapata hata mmoja ambao nikiuchungulia simwoni mtu.

Basi mpelekee Kamanda Gérard maneno haya, uyasome kama nilivyoyaandika. Mwambie kwamba mimi Kasonia, mkubwa wa ukoo wa Maliro, ninamshukuru, na kanisa linamshukuru, na watu wanauliza habari za jogoo. Mwambie kwamba sijamkatalia kitu. Alikubali sheria yetu siku ya kwanza, nami ninaifuata. Wangu wamefika, lakini barabara bado ina watu, na yeye bado hajanitajia mnyama. Ninaendelea kuchagua. Uamuzi ukishapatikana, nitaandika.

Baba yako mkubwa,
Kasonia